Mpapai Dume wa Galahenga

Saapanzi ilikula jani la kwanza saa mbili asubuhi, na chai ya fundi ilikuwa haijapoa ilipomaliza kulisimulia lote.

Lilikuwa jani la mche wa mpapai, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mashine ililivuta kwa mdomo wake wa shaba, ikalisaga, ikalisuuza, ikazinyoosha nyuzi za vinasaba vyake moja moja, kisha ikachora hewani, juu ya meza, picha ya mwanga: fimbo kumi na nane zimesimama jozi jozi, na ndani ya fimbo hizo vitone vyekundu vikimetameta. Fimbo ni kromosomu. Vitone ni panzi.

Msinikimbie, jambo lenyewe ni jepesi. Ndani ya vinasaba vya kila kiumbe mna vipande visivyojua kutulia. Kipande kinajinakili, nakala inaruka, inatua pengine, na ikishatua inarithiwa na watoto na wajukuu. Wataalamu wa zamani walivipa majina ya kuvunja ulimi. Watu wa Morogoro tukaviita panzi, na leo jina hilo linatumika mpaka kwenye vituo vya mwezini, apende asipende mtu. Hatujisifu ovyo sisi. Ila saapanzi, yaani saa inayosoma historia ya kiumbe kwa kuwatazama panzi wake, ilibuniwa hapa hapa chini ya milima ya Uluguru, na aliyeibuni ni binti wa hapa, Dakta Semeni Mkude, ambaye mpaka leo akikasirika husema Kiluguru kitupu.

Asubuhi hiyo Semeni alikuwa na mgeni. Mjomba wake, Mzee Kobelo, mkuu wa ukoo wa Wamherezi, alikuwa ameshuka mlimani kwa gari la kamba linaloning'inia juu ya bonde, bakora mkononi, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Miaka themanini na miwili, na bado anakataa kushikwa mkono kwenye ngazi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe huyo ng'ombe wako anayekula majani asitoe maziwa."

"Anatoa, Mjomba. Leo atakukamulia mwenyewe."

Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi hupitia kwa mama, jina hupitia kwa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Kwa hiyo Mzee Kobelo hakuja kutembea. Alikuja kwa ajili ya kesi.

Kesi yenyewe ilihusu papai. Kwa zaidi ya karne moja Wamherezi wamekuwa wakipanda kwenye matuta ya mlimani papai wanaloliita Mwanamvua, kwa jina la bibi yao aliyelianzisha. Ni tamu, hilo kila mtoto wa Morogoro analijua. Lakini sifa yake kubwa ni utomvu: hospitali zote za ukanda huu huutumia kuponya majeraha ya moto, na mtu aliyeungua akapona bila kovu utamsikia akisema, "Mwanamvua amenibeba." Sasa kampuni moja ya mbegu, Zao Kuu, ilikuwa imekwenda kwenye Baraza la Mbegu la Jiji na kudai kwamba Mwanamvua ni mtoto wa papai lao, ZK-9, walilolitengeneza maabara miaka thelathini na minane iliyopita, na kwamba wanakijiji waliliiba. Baraza likikubali, vibarua-chuma, yaani zile roboti za palizi zenye miguu sita, zitapita tuta kwa tuta kung'oa kila mpapai wa Wamherezi. Baada ya hapo hakuna mtu wa ukoo huo atakayeruhusiwa kupanda mbegu ya bibi yake mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku saba.

"Tazama hapa, Mjomba," Semeni alisema. Akazizima jozi nane, ikabaki moja. "Zile nane zinaishi kama majirani wema. Kila kizazi fimbo mbili za jozi hubadilishana vipande. Panzi akitua pabaya, mabadilishano hayo yanaweza kumfagia nje. Hii ya tisa ndiyo jozi ya jinsia. Fimbo yake moja, ya kiume, zamani sana iliacha kubadilishana na mwenzake. Ikajifungia."

"Kama mtu aliyegombana na jirani."

"Hasa. Na chumba kisichofunguliwa hakifagiliwi. Panzi akitua humo ndiyo basi, hatoki. Wanarundikana mmoja juu ya mwingine. Tena kila panzi anapotua huwa na mikia miwili inayofanana kama pacha. Miaka ikienda, kila mkia unachakaa kivyake. Nikilinganisha mikia najua alitua lini. Kwa hiyo fimbo hii nikiisoma napata nani alitangulia, nani akafuata, na ukoo uligawanyika wapi."

Mzee Kobelo akaegemea bakora. "Na sisi?"

"Sisi tuna panzi kumi na mmoja kwenye fimbo ya kiume. ZK-9 wana hao hao kumi na mmoja, mahali pale pale, halafu wana watatu zaidi, wote wachanga, hawajafikisha miaka hamsini."

Mzee alikuwa mkulima, si mtaalamu, lakini hakuhitaji kutafuniwa. "Mwenye viraka vyangu vyote na vingine juu yake, nguo yake ilitoka kwangu."

"Wao ndio waliotoka kwetu, Mjomba. Wao ndio watoto."

Hapo mzee alipiga kigelegele, mwanamume mzima, mpaka fundi wa chumba cha pili akaja mbio akidhani mashine imeshika moto. Semeni alicheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka kumi na tisa alikuwa ameitumikia mashine ile, watu wakimwambia kusoma jinsia za mipapai ni kazi ya mtu aliyekosa kazi, na leo mashine yake ilikuwa imeusimamia ukoo wake. Nani asingejivuna?

Angeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi. Lakini Semeni ana ugonjwa wa wanasayansi: hawezi kuacha ukurasa katikati.

"Mjomba, ile habari ya Bibi Mwanamvua. Nikumbushe."

"Ile ile. Bibi alikuta mpapai jike umeota wenyewe nyuma ya jiko lake. Akautunza. Ukatupa mbegu hii."

"Haiwezekani ukawa jike." Akaionyesha ile fimbo yenye vitone. "Mipapai iko ya aina tatu. Kuna jike, kuna dume, na kuna huntha, ule ambao ua lake moja lina upande wa kiume na upande wa kike, haungoji mwenzi. Mwanamvua ni huntha. Jike hana kabisa fimbo hii ya kiume. Huntha anayo. Amerithi kwa dume."

"Sema Kiswahili, mwanangu."

"Papai letu si jike lililobarikiwa, Mjomba. Ni dume lililojifunza kuzaa. Kwa hiyo nyuma ya lile jiko kulikuwa na dume. Lilikuwa la nani?"

Uso wa mzee ulikunjamana. "Hakukuwa na dume," alisema, upesi mno, akaomba aitiwe gari la kurudi.

Sasa, dume la mpapai ni kitu adimu katika milima yetu, na lazima nieleze kwa nini. Mpapai dume hauna faida ya kuonekana. Unatoa maua yanayoning'inia kama shanga, basi. Wazee wetu hawakukubali uvivu huo. Msimu wa palizi wanawake walikuwa wanaupigilia msumari kiunoni na kuufunga kanga kuukuu, ili uone haya na uzae. Usipozaa, panga. Siku hizi vibarua-chuma wanasoma mche ukiwa na majani mawili, na ukiwa dume unang'olewa hapo hapo. Msumari umebadilika, akili ni ile ile.

Mahali pamoja tu ndipo madume hayakatwi: ukingo wa Walukwele, ng'ambo ya bonde. Semeni akapanda gari la kamba mchana ule ule.

Walukwele na Wamherezi ni watani. Kwenye msiba wa Mmherezi, Mlukwele anaweza kuingia, akalala kwenye jeneza tupu, akadai wali wa nazi, na hakuna wa kumgusa. Semeni alimkuta Bi Sikitu, msemaji wa Walukwele, chini ya injini ya gari la kamba, maana ndiyo kazi yake, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni.

"Hodi hapa!"

"Nani? Aah, Mmherezi! Jamani ficheni vyungu, wezi wa papai wameingia!"

Mafundi wote wakacheka. Semeni naye akacheka, kama alivyocheka tangu utotoni, maana Walukwele wamekuwa wakiwaita wezi wa papai kwenye kila msiba na kila harusi. Halafu kicheko kikamkatikia njiani. Lisemwalo lipo.

"Mtani," alisema, "kwa nini mnatuita wezi wa papai?"

Bi Sikitu akajifuta mikono taratibu. "Miaka yote hiyo ndiyo leo unauliza?"

Akamchukua nyuma ya nyumba. Mpapai dume ulikuwa umesimama peke yake, umefagiliwa chini, umewekewa mawe kuuzunguka. "Sisi tuna wasia. Ukifa huu, unapandwa mwingine wa uzao wake. Hatupigilii msumari, hatukati. Ni wasia wa babu yetu Galahenga."

"Simjui."

"Utamjuaje? Kwenu hatajwi. Alikuwa mume wa Mwanamvua wenu."

Galahenga alikwenda kuoa kwa Wamherezi akiwa na jembe lake na mkeka wake, kama wakwe wote walivyokuwa wakienda. Nyuma ya jiko la mkewe akapanda mbegu aliyotoka nayo kwao. Ikaota dume. Wakamwambia kata, hakukata. Wanawake walipokuja na msumari akasimama mbele ya mti, akasema mti huu hauna kosa. Wakamcheka, wakamwita mume wa mpapai. Mwaka wa nne ikaja baridi kali, na lile dume likazaa. Vipapai vidogo vikining'inia kwenye vikonyo virefu, kama hereni.

"Likazaa!" Semeni alisema. "Kwa hiyo walifurahi."

"Walifurahi wapi! Walisema uchuro. Dume limezaa, mtu atakufa."

"Lakini si wao waliokuwa wanalipigilia misumari lizae?"

"Ndio hao hao, mtani. Ndiyo akili ya kwenu. Wakaukata mti mchana kweupe, wakamtolea jembe lake na mkeka wake nje. Binti yake alikuwa na miaka mitatu. Alikatazwa kumwita baba, akakatazwa na kumtaja. Galahenga akarudi hapa kwa dada yake na mbegu za lile dume mfukoni. Aliishi miaka kumi na mmoja mingine, kila siku anakaa pale kwenye ukingo akitazama moshi wa jiko la mkewe ng'ambo. Mwanamvua alikuwa ameokota vipapai kabla hawajavichoma. Hivyo ndivyo mlivyopata papai lenu." Bi Sikitu akachuma jani la chini, akamkabidhi. "Chukua. Kapeleke kwa ng'ombe wako. Mimi kwenye misiba nasema kwa mzaha kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, lakini mama yangu alikuwa hacheki."

Saapanzi ilikula jani la Walukwele. Panzi kumi. Tisa kati yao walikuwa wale wale wa Mwanamvua, mahali pale pale, na mikia yao ilikuwa ya kale. Mmoja aliyebaki alikuwa wa Walukwele peke yao. Wawili wa mwisho wa Mwanamvua hawakuwemo. Semeni akatoa kwenye hazina ya mbegu madume mia mbili kutoka kila pembe ya nchi: hakuna hata moja lililokuwa na zaidi ya wanne kati ya wale tisa. Njia ilikuwa moja, ikagawanyika mara moja, miaka mia na thelathini iliyopita, na mahali pa mgawanyiko palisimama mti mmoja wa kiume wenye panzi tisa.

Alikaa kitini kama mtu aliyepigwa kofi. Desturi yetu inasema mti alioupanda mkwe ni wake, na akiondoka au akifa unakwenda kwa ukoo wa mama yake. Hilo Baraza la Mbegu linalifuata mpaka leo. Angesema yote, Zao Kuu wangeshindwa, ndiyo, lakini papai lisingekuwa la Wamherezi tena.

Alipanda mlima akamweleza mjomba wake. Mzee Kobelo alisikiliza barazani, macho yametazama bondeni.

"Baraza wameuliza swali gani?" alisema mwishowe.

"Nani mkubwa, papai letu au la Zao Kuu."

"Basi jibu swali uliloulizwa. Kumi na mmoja kwetu, kumi na wanne kwao. Ukikomea hapo umesema uongo?"

"Hapana, Mjomba."

"Kuna kaya mia tatu mlimani hapa, Semeni. Jina la Bibi liko kwenye milango ya hospitali. Unataka nisimame mbele ya ukoo niseme mpwa wangu amekwenda kuligawa?"

"Nataka ujue kabla sijaamua."

"Unaamua? Mimi ndiye msemaji."

"Wewe ni msemaji wa ukoo, Mjomba. Msemaji wa mashine ni mimi. Na mficha uchi hazai."

Mzee aliinuka akaingia ndani, na Semeni akashuka bila kuagwa, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu azaliwe.

Siku ya Baraza ukumbi ulifurika. Wamherezi walishuka na ngoma. Walukwele nao walikuwepo, viti vya nyuma, Bi Sikitu kavaa gauni la njano linaloonekana mpaka Dodoma. Mwenyekiti, Bi Nyangasa, alikuwa mama mfupi wa miwani mikubwa asiyependa maneno mengi.

Semeni aliieleza saapanzi. Jani la Mwanamvua likaliwa mbele ya watu, na jani la ZK-9. Picha mbili zikasimama hewani. Kumi na mmoja. Kumi na wanne. Hata mtoto angeelewa, na watoto walielewa, maana walianza kuhesabu kwa sauti. Mzee Kobelo alikaa mbele, mikono juu ya bakora, hamtazami.

Wakili wa Zao Kuu, Bwana Dionis, akainuka. Alikuwa mtu wa adabu, na swali lake lilikuwa la haki. "Daktari, mashine ni yako. Ukoo ni wako. Papai ni la ukoo wako. Kwa nini Baraza likuamini?"

Ukumbi ukaguna. "Shahidi halazimiki kujibu hilo," alisema Mwenyekiti. "Ukitaka unaweza kukaa, Daktari."

Kiti kilikuwa nyuma yake. Kesi ilikuwa imekwisha, Zao Kuu wameshindwa, na kila Mmherezi alikuwa anajua. Semeni aliwatazama wale watu wa kwao, waliomnunulia viatu vya kwanza vya shule kwa kuchangishana mapapai. Hakukaa.

"Mniamini kwa sababu sijamaliza," alisema.

Akaiwekea mashine jani la tatu.

Alieleza kila kitu, kwa sentensi fupi, bila kupamba: kwamba huntha hutoka kwa dume, kwamba dume hilo aliliona kwa panzi wake tisa, kwamba uzao wake bado uko hai kwa Walukwele, kwamba kwa simulizi ya Walukwele aliyelipanda anaitwa Galahenga. "Kwa hiyo mheshimiwa wakili, hili papai si la ukoo wangu. Nimelila maisha yangu yote, na si letu."

"Msaliti!" mtu alipaza sauti kutoka viti vya Wamherezi. Ngoma moja ilianguka ikabiringika mpaka miguuni mwa wakili, ambaye aliisimamisha kwa upole akaiacha hapo.

Mwenyekiti aligonga meza. "Daktari, mashine yako imeuona mti. Je, imemwona mpanzi?"

"Hapana. Mashine inajua ukoo wa mti. Nani alishika jembe, haijui."

"Basi huyo Galahenga tunaye kwa simulizi ya upande mmoja tu." Bi Nyangasa akageuza miwani yake. "Mzee Kobelo. Wewe ndiye mwenye kumbukumbu za Wamherezi. Ukoo wako unamjua mtu huyo? Ukisema haumjui, Baraza litaandika kwamba mpanzi hajulikani, na papai litabaki kwa waliolitunza."

Ndivyo ilivyokuwa. Neno moja tu, hapana, na kila kitu kingebaki mlimani. Semeni alifumba macho. Hakuwa na haki ya kumwomba mzee yule kitu kingine chochote.

Mzee Kobelo aliinuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumshika. Kwa miaka arobaini alikuwa akifungua kila tambiko la ukoo kwa kutaja wahenga, mama kwa mama, kutoka kwake mpaka kwa Mwanamvua na kupanda juu, na katika orodha ile hakuna mkwe aliyewahi kutajwa.

"Mimi ni Kobelo," alisema. "Mama yangu ni Tabu. Mama yake ni Zahabu. Mama wa Zahabu ni Mwanamvua." Akawageukia wazee wa ukoo wake. "Na baba wa Zahabu ni Galahenga. Mimi ni kitukuu chake. Alipanda mti, tukaukata. Tukamtolea mkeka nje. Hakuwa na kosa."

Wazee wa Wamherezi walikuwa wameinamisha vichwa, na ndipo Semeni alipoona kwamba baadhi yao hawakuwa wanashangaa.

Uamuzi haukuchukua nusu saa. Dai la Zao Kuu lilitupwa. ZK-9 iliandikwa kuwa mtoto wa papai la Uluguru. Mpanzi aliandikwa Galahenga. Wenye papai, kwa desturi ya mti na mkwe, ni Walukwele. Mwenyekiti akamwita Bi Sikitu mbele. "Papai ni lenu. Wamherezi wana kaya mia tatu zinazolipanda. Mnawaruhusu waendelee, au waling'oe?"

Bi Sikitu akashika kiuno kwa mikono yote miwili, akawatazama Wamherezi kuanzia mstari wa mbele mpaka wa mwisho. Alikuwa na haki ya kulifurahia jambo lile na akalifurahia. "Wezi wamerudisha chungu," alisema. "Miaka mia na thelathini, lakini wamerudisha. Mwenyekiti, mimi hawa siwaamini hata kwa chumvi. Ila huyu," akamnyooshea kidole Semeni, "huyu kajishtaki mwenyewe bila kupigwa fimbo, na yule mzee kamtaja babu yangu mbele za watu. Wapande. Wapande mpaka mawinguni. Na dume likiota, nikisikia habari ya msumari, nakuja na Walukwele wote kulala kwenye majeneza yenu."

Watu wakalipuka. Vigelegele, ngoma, watani wakirukiana na kutukanana matusi ya miaka yote kwa furaha. Mtu yule yule aliyepiga kelele za usaliti alikuwa wa kwanza kumbeba Semeni juu juu. Watoto walikuwa wakiimba panzi tisa, panzi tisa, na hata Bwana Dionis alionekana akiuliza anaweza kupata wapi papai la kuonja. Siku ile mtu ukiwa wa Morogoro ulitembea kifua mbele, uwe Mmherezi, Mlukwele au mpita njia. Tulikuwa na mashine isiyo na mfano duniani. Tena tulikuwa na mtu aliyeweza kuiacha iseme dhidi yake.

Semeni alipojinasua alimkuta mjomba wake ameketi peke yake kwenye ngazi za nje, juani. Akachuchumaa mbele yake.

"Mjomba, nisamehe."

"Kwa lipi?" Mzee aliweka bakora chini. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyetua mzigo. "Ulidhani nimemjua babu yangu leo, kwa mashine yako?"

Semeni akaketi ngazini kando yake.

"Nilikuwa na miaka sita. Nilimwuliza mama, baba yake bibi ni nani? Akatazama mlangoni kwanza. Kisha akanitajia, mara moja tu, sikioni. Halafu akaniziba mdomo kwa kiganja chake, akakiacha hapo mpaka nikaacha kulia." Mzee alijigusa midomo kwa ncha za vidole. "Miaka sabini na sita, Semeni. Kiganja kile kimeondoka leo."